Mashine moja, kazi mbili: uandike milinganyo au masharti?

Fungua terminal, andika pip install ortools, uiache ijipakue. Hiyo ni OR-Tools, maktaba ya Python ya kutafuta mpango bora. Wakati huo tutazame kazi yenyewe.

Tuna mashine moja ya kuchapa. Inawashwa saa 2 asubuhi, inazimwa saa 10 jioni. Kadi za harusi zinakula masaa 3, na mwenyewe anazifuata saa 8 mchana. Kalenda zinakula masaa 4. Kila kazi ianze lini?

Tuanze na milinganyo. Kadi zinaanza baada ya masaa a tangu mashine kuwashwa, kalenda baada ya masaa b. Kwa hiyo a haizidi 3, b haizidi 4. Nani atangulie? Tunaongeza y: ikiwa 1, kadi mbele, ikiwa 0, kalenda mbele. Kisha tunatia namba kubwa, tuseme 10, ya kulegeza sharti lisilohusika:

a + 3 ≤ b + 10(1 − y)
b + 4 ≤ a + 10y

Programu huanza kwa kujifanya y inaweza kuwa desimali, ili itumie simplex, njia ya George Dantzig ya mwaka 1947 ya kutafuta jibu bora la milinganyo ya namna hii. Sasa weka y = 0.5, a = 0, b = 0. Piga hesabu mwenyewe. Umeona? Yote yanakubali, kazi mbili ziko juu ya mashine moja saa 2 kamili! Lazima igawe njia, y = 0 huku, y = 1 kule, ndipo kieleweke. Kwa kazi mbili si neno. Kwa kazi hamsini, chemsha chai kabisa.

Haya, sasa masharti: futa y. Andika AddNoOverlap, amri ya OR-Tools inayokataza kazi kugongana, uipe vipindi vyote viwili, cha kadi na cha kalenda. Hapa tunapunguza nafasi kwanza. Kalenda zikitangulia, mapema kabisa zitaisha saa 6 mchana, na kadi mwisho wake kuanza ni saa 5. Haiwezekani, basi kadi mbele. Papo hapo b inabaki 3 au 4, a inabaki 0 au 1, na hatujakisia chochote.

Ila usiitupe simplex. Ukiwa unapunguza gharama za kusafirisha mizigo toka maghalani hadi madukani, sharti la "jumla isizidi milioni moja" halikuambii lori gani liende wapi. Milinganyo iliyolegezwa, yaani namba zikiruhusiwa kuwa desimali, ndiyo inayokuhakikishia kwamba chini ya kiasi fulani hakuna mpango kabisa, na hilo mimi naliona la thamani kuliko kasi.

CP-SAT, programu ya kutafuta majibu iliyomo ndani ya OR-Tools, inatumia njia zote mbili kwa pamoja, milinganyo na masharti. Inapokea namba kamili tu, kwa hiyo kazi ya saa moja na nusu iandike dakika 90, na nyingine zote kwa dakika vilevile, ndipo uiendeshe.