Bahasha ya Mary Cassatt

Asanteni. Naomba tuanze na picha hii ukutani. Mwanamke ameketi mezani, bahasha iko mdomoni, anaifunga. Gauni lake ni la buluu lenye maua, na ukuta nyuma yake nao umejaa maua. Tafuteni kivuli. Hamkioni. Meza yenyewe imeinuka, utadhani barua itateleza itudondokee hapa mbele.

Kwa nywele zile na macho yaliyoinama, mtu angeapa ni kazi ya Utamaro, msanii wa Kijapani. Kumbe ni ya Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Ufaransa. Mwaka 1890 chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts, Paris, kilionyesha chapa za Kijapani, yaani picha zilizochapwa kwa mbao, zaidi ya 700. Cassatt alikwenda, akamwandikia mchoraji mwenzake Berthe Morisot kumsihi asizikose. Mwaka uliofuata alionyesha chapa zake 10 za rangi, hii ikiwa mojawapo.

Najua kwa habari za chapa za Kijapani mlitarajia Van Gogh, mchoraji Mholanzi. Haya: mwaka 1887 aliliiga daraja lenye mvua la Hiroshige, msanii mwingine wa Kijapani, kwa rangi za mafuta, akajaza pambizo kwa maandishi ya Kijapani aliyoyanakili kutoka chapa nyingine. Nampenda sana, lakini pale aliazima sura. Cassatt aliingia jikoni.

Na jiko lenyewe lilikuwaje? Kule Edo, Tokyo ya leo, mmoja alichora, wa pili akachonga ubao wa mcheri, wa tatu akaupaka ubao rangi, akalaza karatasi juu yake na kuisugua upande wa nyuma. Mchapishaji ndiye aliyetoa mtaji. Kila rangi kwa kawaida ilikuwa na ubao wake, na kila ubao ulichongwa alama ndogo, kento, ya kupangia karatasi. Karatasi ikisogea kidogo tu, wekundu wa mdomo unahamia shavuni.

Cassatt hakuchonga ubao hata mmoja. Alitumia mabamba ya metali, akachora kwa sindano na asidi, kisha rangi akazipaka kwa mkono, upya kwa kila nakala. Tatizo la kupanga karatasi likawa lake pia, bamba baada ya bamba. Tena chini ya nakala aliandika kwa penseli kwamba zimechapwa na msanii pamoja na Bwana Leroy, mchapaji aliyemsaidia. Wachongaji wengi wa Edo hata majina yao hatuyajui.

Kuhusu buluu, nacheka kila mara. Buluu ya Prussia ilipatikana Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikafika Japani kwa biashara, msanii Hokusai akaitumia kwenye ile picha yake ya wimbi kubwa. Paris wakaishangaa kama uchawi wa Mashariki!

Sasa sogeeni, mtazame pindo la gauni. Zilichapwa nakala 25, na kwa kuwa rangi ilipakwa kwa mkono, mkiikuta picha hii katika jumba jingine la makumbusho, buluu yake huenda ikawa imekolea zaidi, au imepauka.