Likizo ya Jeffreys Bay: Anza na Bahari, Tiketi Baadaye

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunapanga likizo ya Jeffreys Bay, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, ambao wapenzi wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao huutaja kwa heshima kubwa. Kaka Baraka, wewe umeshafika huko mara mbili. Mtu anayeanza kupanga aanzie wapi?

BARAKA: Ahsante, dada Zuhura. Wengi wetu huanza na tiketi ya ndege, kisha nyumba ya kulala, na bahari huikumbuka mwisho. Mimi ningeigeuza orodha hiyo, kwa sababu bahari ya Jeffreys Bay ya mwezi Julai na ile ya Januari hazifanani hata kidogo.

ZUHURA: Zinatofautiana vipi?

BARAKA: Kuanzia Juni hadi Agosti ni majira ya baridi huko, na dhoruba zinazopita kusini mwa bara la Afrika husukuma mawimbi makubwa kuelekea pwani. Mawimbi hayo hutokea kusini-magharibi, yakaizunguka rasi ya Cape St Francis, yakaingia ghubani yakiwa yamepangika mstari baada ya mstari. Zaidi ya hayo, kwa kuwa fukwe za mji zimeelekea kusini-mashariki, upepo wa magharibi na wa kusini-magharibi, ambao mahali pengine huichafua bahari, hapo huwa unatoka nchi kavu. Upepo wa namna hiyo huulaini uso wa wimbi na kulichelewesha kuvunjika, na ndiyo maana mashindano ya kimataifa hufanyika pale mwezi Julai.

ZUHURA: Basi msikilizaji akate tiketi ya Julai?

BARAKA: Akate, ikiwa ni fundi. Mimi nilikwenda Julai ilhali nilikuwa bado najifunza kusimama juu ya ubao, nikaishia kukaa juu ya mawe siku nne nikiwatazama wenzangu. Supertubes, wimbi lenyewe lililoupa mji sifa, huvunjika kwa kasi kuelekea mkono wa kulia wa mtelezaji, na chini yake kuna miamba iliyojaa makome yenye ncha kali. Siku bahari inapokuwa nzuri, sehemu zake, kuanzia Boneyards, kupita Supertubes, hadi Point, huweza kuungana, na mtu mwenye ujuzi akateleza mbali kiasi kwamba arudi kwa miguu ufukoni badala ya kupiga makasia kwa mikono. Hapo si mahali pa kujifunzia, na kusema kweli mwanafunzi akiingia anawahatarisha na wengine.

ZUHURA: Maana kuna kanuni ya nani mwenye haki ya wimbi.

BARAKA: Ndiyo, na kanuni hiyo ni ile ile kila pwani: aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi, na mwingine haruhusiwi kuliingilia mbele yake. Asiyeijua kanuni hii aisome kabla ya kuvaa kamba ya mguuni, ile inayomfunga mtelezaji na ubao wake.

ZUHURA: Na anayejifunza aende lini?

BARAKA: Ningemshauri kati ya Machi na Mei, ukiondoa wiki ya Pasaka. Umati wa likizo za Desemba unakuwa umeondoka, mawimbi yameanza kupata nguvu bila kutisha, na kwenye ufuko mkuu wa mji, wenye mchanga chini, walimu hufundisha wanaoanza katika povu la wimbi lililokwisha kuvunjika. Maji nayo yanakuwa bado hayajapoa kama ya Julai, ambapo mara nyingi huwa kati ya nyuzi 15 na 18 za Selsiasi.

ZUHURA: Kwa hiyo wakati wa joto suti ya mpira ya kuzuia baridi majini haihitajiki?

BARAKA: Inahitajika, dada, na hapo ndipo wageni hukosea. Upepo wa mashariki ukivuma siku kadhaa mfululizo, huyasukuma maji ya juu mbali na pwani, na yale ya chini yenye baridi hupanda kuchukua nafasi yake. Unaweza kuota jua kali huku bahari ikikung'ata vidole.

ZUHURA: Wasikilizaji watauliza kuhusu papa.

BARAKA: Wana haki ya kuuliza. Tarehe 19 Julai 2015, katikati ya fainali ya yale mashindano ya Julai, papa alimkaribia mtelezaji Mick Fanning wa Australia hadi akainasa kamba ya ubao wake, mbele ya kamera. Alitoka bila jeraha, na mwaka uliofuata akarudi akashinda mashindano hayo hayo. Papa wapo, lakini mashambulizi ni nadra. Usiingie peke yako, usiingie jua linapozama, na walinzi wakisema tokeni, toka.

ZUHURA: Usafiri je?

BARAKA: Hilo ni jepesi. Unatua Gqeberha, jiji lililoitwa Port Elizabeth hadi mwaka 2021, kisha unasafiri kilomita zipatazo 75 kuelekea magharibi kwa barabara kuu ya N2. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo, aliyoipata angalau siku 10 kabla ya safari.

ZUHURA: Siku ngapi zinatosha?

BARAKA: Kumi, si nne. Mawimbi huja kwa vipindi, na siku tatu za bahari tulivu zinaweza kuimeza likizo fupi yote. Siku kama hizo ningekwenda Cape St Francis kuuona mnara wa taa uliowashwa mwaka 1878, au nikatembee msituni Tsitsikamma.

ZUHURA: Na siku Supertubes itakapoamka ukiwa huko mwezi Aprili?

BARAKA: Nitarudi kwenye mawe yangu yale yale, safari hii nikiwa na darubini na koti zito.