Vitu vya Kununua Kabla ya Sofa Unapohamia Nyumba Yako

Karibu, mtazamaji, na hongera kwa nyumba. Funguo unazo mkononi na pengine moyo umeshafika kwenye sofa na mapazia. Subiri kidogo. Fedha ya kwanza iende kwenye maji, milango na umeme, maana vikikorofisha hivyo, hata hilo sofa halitapona.

Tuanze na maji, na hapa tutakaa. Kabla hujanunua chochote, nenda kwenye mita. Funga bomba zote za ndani, acha tangi lijae mpaka boya likate maji, kisha andika namba zote za mita, hata zile nyekundu za mwisho. Kwa saa moja mtu asiflashi choo wala kunawa. Rudi usome. Kama namba zimesogea, ama boya halikati, ama bomba linavuja chini ya ardhi kabla ya kufika kwenye tangi. Kama hazijasogea, bado hujamaliza. Usiku, watu wakishalala, funga koki ya mita, pima kwa kijiti kina cha maji ndani ya tangi, upime tena alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Kikipungua, uvujaji uko ndani ya nyumba. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, na bomba linalovuja usiku kucha unalilipia wewe.

Mara nyingi mwizi wa maji ni choo. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi, usiflashi, ngoja dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechoka. Badilisha mpira tu, usikubali kuuziwa choo kizima.

Sasa dukani. Nunua koki ya shaba ya kufungia nyumba nzima, ile ya mkono unaozunguka robo tu. Ile ya gurudumu ikikaa miaka bila kuguswa hushika kutu, na siku bomba linapopasuka haifungi. Nunua pia koki ndogo za nusu inchi, moja chini ya kila sinki na moja nyuma ya kila choo, ili ukibadilisha bomba la jikoni usiwanyime watu maji bafuni. Ongeza thredi tepu, ule utepe mwembamba wa kuzungushia meno ya viungo vya bomba, roli tatu au nne.

Tepu ina namna yake. Shika kifaa ukitazama mdomo wenye meno, zungusha tepu kufuata mwelekeo wa saa, mizunguko minane hadi kumi, ukiivuta ikaze. Ukizungusha kinyume, itajikunja na kuchomoka unapokaza, na kiungo kitavuja. Kama meno ni ya plastiki, kaza kwa mkono, kisha ongeza kidogo kwa spana. Ukilazimisha, plastiki hupasuka, na huenda ufa usionekane leo.

Kama unanunua simtanki la lita 1,000, kumbuka likijaa lina tani nzima ya maji. Litandikie zege au mbao zilizobanana. Mbao zikiachana, kitako cha tangi hubonyea kwenye nafasi na mwishowe hupasuka. Boya likate maji chini kidogo ya tundu la kumwagia, na tundu hilo lizibwe kwa wavu mwembamba ili mbu wasizaliane humo.

Milango. Hujui ni nani aliyebaki na nakala ya funguo, iwe fundi au mwenye nyumba wa zamani. Kama kitasa ni cha silinda, yaani kipande chenye tundu la ufunguo kinachotoka peke yake, huhitaji kununua kitasa kizima. Fungua skrubu ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana, huku unavuta, silinda itatoka. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha, kwa milimita, ukanunue ya vipimo hivyohivyo. Ikitokeza nje zaidi ya milimita 3, mwizi ataishika kwa koleo na kuivunja.

Umeme tupite haraka. Kwenye boksi la breka tafuta ile pana yenye kitufe kidogo cha herufi T. Kibonyeze. Isipokata umeme palepale, haitakulinda usipigwe shoti, hivyo ita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji. Usiifungue mwenyewe.

Kisha zima breka moja moja, mwenzako akizunguka na taa ya kuchomeka akuambie ni prizi zipi zimekufa. Andika kwenye kipande cha tepu ya karatasi: jikoni, pampu, chumba cha watoto. Bandika kando ya kila breka, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwa mwanga wa tochi.