Makosa Unayofanya Unapomwambia Mbwa Wako "Kaa" na "Njoo"

Karibuni watazamaji. Niko na Simba hapa, na leo tunarekebisha namna tunavyoongea na mbwa wetu. Vitu vya kuandaa ni vichache: kimkoba cha kiunoni, kamba, na nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, hata kikiwa kimepikwa. Katakata vipande 15 hivi, kila kimoja kisizidi ukucha wa kidole chako cha mwisho. Zima televisheni. Tuanze.

Kosa la kwanza mnalijua, kwa hiyo sitalikalia sana: kurudia amri. "Kaa. Kaa. Simba, kaa. Kaa bwana!" Ukimzoesha hivyo, mbwa anajifunza kwamba amri yenyewe ni ile ya nne, na zile tatu za mwanzo ni kelele za kawaida za mwenye nyumba. Sema mara moja, kisha hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo. Asipokaa, usiseme tena. Msaidie kwa mkono: kipande cha nyama mbele ya pua, kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, na makalio yatashuka yenyewe. Mkono usipae sana, upana wa vidole viwili au vitatu juu ya pua unatosha. Ukipaa zaidi ya hapo ataruka kuufuata. Akishindwa mara mbili mfululizo, ujue mahali ni pagumu kwake. Sogea penye utulivu zaidi, ujaribu tena.

Sasa tuliangalie neno lenyewe, maana Kiswahili chetu kinatutega hapa. Tunasema "kaa chini", "kaa hapo", "kaa kimya", "kaa mbali", na kwa mbwa zote zinaanza na mlio uleule. Unataka akae au unataka asiondoke? Chagueni neno moja kwa jambo moja. Mimi napenda hivi: "kaa" ni kuweka makalio chini tu. "Baki" ni kutotoka hapo alipo. "Lala" ni tumbo chini. "Shuka" ni kutoka kwenye kiti, na asiwepo mtu wa kumwambia "lala" akimaanisha "shuka". Neno la kumwachia liwe "ruhusa". Wengi hutumia "haya" au "basi", lakini hayo tunayasema siku nzima tukiongea kwenye simu, na "basi" lina mlio wa karibu mno na "baki". Yaandikeni kwenye karatasi, mbandike mlangoni, na watoto nao wayafuate.

Na "hapana"? Neno hilo halimwambii mbwa afanye nini. Mgeni ameingia, mbwa anamrukia, unapiga kelele "hapana, hapana!" na mikono unaitupa huku na huku. Kwake huo ni mchezo. Mwambie "kaa" kabla miguu haijaondoka chini, kwa sababu hawezi kukaa na kuruka kwa wakati mmoja.

Haya, tumefika penye kazi. Naomba muwe makini hapa, kwa sababu hapa ndipo mafunzo mengi yanapoharibika, na mtu hajui yameharibikia wapi.

Tunahitaji neno fupi la kumwambia mbwa "hapo hapo, umepatia". Mimi natumia "safi". Kwanza tulipe neno hili thamani. Simba hafanyi chochote, amesimama tu. Nasema "safi", nasubiri nusu sekunde, ndipo mkono unaenda kwenye kimkoba, nampa. Tena: "safi", nusu sekunde, mkono, nampa. Mara 10 hadi 15, basi.

Angalia mkono wangu. Neno kwanza, mkono baadaye. Ivan Pavlov wa Urusi alilionyesha hili kwa mbwa zaidi ya miaka 100 iliyopita: sauti hupata maana pale inapotangulia chakula. Ikija pamoja na chakula au baada yake, haina la kumtabiria mbwa. Ukianza kupapasa kimkoba huku unasema "safi", mbwa ataangalia mkono, na neno halitaingia. Neno kwanza...

Ngoja. Naona kwenye skrini kamera inaonyesha kifua changu tu, mkono wote uko nje ya picha. Naishusha kidogo. Hapo sawa? Sawa. Narudia, kwa sababu mkono ndio somo lenyewe. Mkono umetulia ubavuni. "Safi." Bado umetulia. Sasa unaenda. Nampa. Umeona masikio yalivyosimama niliposema neno, kabla mkono haujasogea? Hiyo ndiyo dalili kwamba neno limeanza kuingia.

Sasa tulitumie. "Kaa." Makalio yanagusa sakafu: "safi!" Sekunde ileile. Si baada ya kumshika kichwa na kumsifu, si baada ya kutafuta kipande kilichozama kwenye kona ya kimkoba. Ukichelewa, mbwa ameshainuka anakufuata mkono, na wewe ndiyo kwanza unampa. Umelipia kusimama. Kesho atakaa nusu sekunde na kuinuka, utasema ni mkaidi, kumbe anafanya kile ulichomlipa. Ukiona umechelewa, usiseme "safi" wala usitoe kitu. Achia, anza upya. Ni afadhali kukosa zawadi moja kuliko kulipia kosa.

Jambo jingine la mkono, halafu tunauacha: mpangilio wa neno na ishara. Sema "kaa", pitisha sekunde moja mwili wako ukiwa umetulia kabisa, ndipo ulete ishara ya mkono. Vikija pamoja, mbwa huchagua ishara na kulipuuza neno, kwa sababu mwili wetu ni rahisi kwake kuusoma kuliko maneno yetu. Unataka kujua kama mbwa wako analijua neno? Weka mikono nyuma, angalia ukutani, sema "kaa" kwa sauti ya kawaida. Wengi mtashangaa. Akikuangalia tu, alikuwa anafuata mkono siku zote.

Dakika 3 hadi 5 kwa kipindi zinatosha. Vipindi vitatu vifupi kwa siku vinazidi kimoja kirefu. Na akijua "kaa" sebuleni usidhani anaijua getini. Kwa mbwa, mahali ni sehemu ya somo, kwa hiyo kila mahali papya unaanza karibu na mwanzo.

Tuje kwenye "njoo". Hesabu mwenyewe: leo umesema "njoo" mara ngapi, na baada ya kuja kilifuata nini? Kuogeshwa, kukatwa kucha, kufungiwa, kukaripiwa. Neno limeshaharibika. Likiharibika hivyo usihangaike kulitengeneza, chukua jipya kabisa, "hapa!" au filimbi, na ulilinde.

Fanya hivi. Ndani ya nyumba, mita 2 tu. Sema "hapa!" mara moja, rudi nyuma hatua mbili tatu, chuchumaa ukiwa umempa ubavu. Usimwinamie na usimkodolee macho, maana kuinamiwa ni kutishwa. Sauti iwe fupi na nyepesi, kama kupiga makofi: milio mifupi inayopanda humchangamsha mbwa asogee, na mlio mrefu unaoshuka humtuliza. Anapogeuza tu kichwa kukufuata, "safi!" Zawadi aipate miguuni pako. Na kabla hujampa, gusa ukosi wake, ule mkanda wa shingoni. Usiruke hatua hii: gusa ukosi, halafu mpe. Mbwa asiyezoea kuguswa ukosi atanyakua zawadi na kukimbia, na siku ya hatari barabarani hutamkamata.

Kisha mwachie arudi kwenye mchezo wake. Katika kila mara 10 unazomwita, mara 9 ziishie kwa "ruhusa". Nje tumia kamba ndefu ya mita 5 hadi 10, na uifunge kwenye mkanda wa kifuani. Usiifunge shingoni, kwa sababu akikimbia kamba ikaisha ghafla ataumia shingo.

Na akija amechelewa, hata kama ulimsubiri dakika kumi jua likiwaka? Mpe zawadi. Ukimchapa wakati huo, umemchapa kwa kuja.

Hili linafanana na habari ya kiatu. Umerudi nyumbani, kiatu kimetafunwa, mbwa ameinamisha kichwa, masikio nyuma, mkia katikati ya miguu. Unasema, "Anajua alichofanya." Mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Ule uso wa hatia ulionekana zaidi mwenye mbwa alipokaripia, mbwa awe amekosa au hajakosa. Anachojibu ni sura yako na sauti yako. Okota kiatu, kiweke juu, mpe kitu chake cha kutafuna.

Simba, hapa. Safi. Gusa ukosi, mpe.

Sasa yale mbwa anayotuambia sisi. Mkia kwanza. Kutikisa mkia maana yake amechangamka, na mtu aliyechangamka anaweza kuwa na furaha au hasira. Mkia mlegevu unaoyumba na kiuno chote, mara nyingi ni urafiki. Mkia umesimama wima, mgumu, unatetemeka kwa kasi, mwili umeganda na mdomo umefungwa: simama hapo hapo ulipo, na mtoto asisogee.

Sasa nitamsogelea Simba kwa mbele, kama wageni wanavyofanya, na kumpitishia mkono juu ya kichwa... Hapo! Rudisha video sekunde tano uangalie. Kabla mkono haujamfikia amejilamba pua, akageuza kichwa, na weupe wa jicho ukaonekana pembeni. Hana njaa na hana usingizi akipiga miayo wakati kama huu. Anaomba nafasi. Hizo ni sauti zake za chini, na zisiposikilizwa anapandisha: anaganda, ananguruma, anang'ata.

Ndiyo maana nasisitiza, usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Adhabu inaondoa onyo tu, woga unabaki, na mara nyingine atang'ata bila kutoa sauti. Anaponguruma, acha unachofanya, rudi nyuma polepole, tafuta kilichomsumbua. Na mbwa mpole aliyeanza ghafla kunguruma anapoguswa, hasa mahali pamoja, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza kabla ya mafunzo yoyote. Maumivu hayatibiwi kwa amri.

Kuhusu kukumbatia: mbwa wengi hawapendi, hata wanaotulia. Fanya jaribio la sekunde tatu. Mkwaruze kifuani au ubavuni, si juu ya kichwa, hesabu tatu, kisha ondoa mkono na usubiri. Akikusogelea au akikuegemea, endelea. Akibaki kimya, akijikung'uta mwili, au akiangalia kando, amekujibu.

Tufanye na Simba. Moja, mbili, tatu. Naondoa mkono.

Amegeuza kichwa, amejilamba pua, anaangalia mlango. Sawa, Simba. "Ruhusa." Nazima kamera.