Tumbo Likiunguruma Wiki ya Kwanza

Habari za jioni, ndugu zangu. Niliyealikwa kuzungumzia probayotiki, yaani vijidudu hai vinavyomezwa ili kusaidia tumbo, nimeombwa pia nichunge ulimi. Nitajitahidi, ila mada yenyewe ni tumbo kujaa gesi, kwa hiyo neno moja au mawili yasiyosemwa mezani yatanitoka. Mnisamehe mapema.

Nianze na yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimaliza dozi ya antibiotiki, nikanunua kichupa cha probayotiki ili nirudishe tumbo katika hali yake. Siku ya tatu niko kwenye kikao, watu wote kimya wanasoma makaratasi, tumbo langu likaanza kunguruma kama pikipiki inayogoma kuwaka. Mkanda ulikuwa umenibana, nikaulegeza tundu moja, kisha la pili. Nilipomrudia aliyeniuzia, akanipa mkono kwa furaha: "Hongera, hiyo ni sumu inatoka!" Nikaamini, nikaongeza dozi. Usiku ule sitausimulia.

Naona mama pale mbele anacheka. Nadhani na yeye aliwahi kupongezwa.

Basi hiyo "sumu inatoka" ndiyo iliyonileta hapa leo. Ina asili yake. Mwaka 1895 daktari Adolf Jarisch, na baadaye Karl Herxheimer mwaka 1902, walieleza jinsi wagonjwa wa kaswende walivyozidiwa kwa muda mara tu walipoanza tiba. Vimelea vinapokufa kwa wingi, mgonjwa hupata homa na kutetemeka ndani ya saa chache, kisha hali hutulia. Jambo hilo ni la kweli kwa kaswende, kwa homa ya papasi na kwa magonjwa mengine machache. Kulichukua na kulibandika kwenye kichupa cha probayotiki ni ujanja wa biashara. Hakuna ushahidi kwamba gesi ya wiki ya kwanza ni maiti za bakteria wabaya.

Ni nini, kama si hiyo? Tupige hesabu kidogo. Mwili wa mtu mzima hukadiriwa kuwa na bakteria trilioni 38, karibu wote wakiwa kwenye utumbo mpana. Kidonge cha kawaida kina, tuseme, bilioni 10. Gawanyeni: kwa kila mgeni mmoja kuna wenyeji 3,800. Hao wageni hawaendi kupindua serikali. Lakini njiani hupita kwenye utumbo mwembamba, ambako wenyeji ni wachache mno, na popote wanapokuta sukari huichachusha. Zao la uchachushaji ni asidi, na mara nyingine gesi. Nasema mara nyingine kwa sababu wapo bakteria wa jamii ya laktobasili wanaogeuza sukari kuwa asidi bila kutoa gesi, na wapo ndugu zao wanaotoa kabonidayoksaidi. Ndiyo maana kichupa kimoja kinakusumbua na kingine hukihisi.

Sasa tazameni hiki nilichokuja nacho. Mbele kimeandikwa kwa herufi kubwa majina ya bakteria. Nikikigeuza, huku nyuma, kwa herufi za kusoma na miwani: inulini. Inulini ni nyuzinyuzi iliyowekwa iwe chakula cha bakteria. Sisi hatuwezi kuimeng'enya. Inafika utumbo mpana nzima, na wale trilioni 38 wanaifanyia karamu. Karamu hiyo hutoa haidrojeni, kabonidayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Hayo ndiyo yanayotafuta njia ya kutoka mkiwa kwenye lifti. Nilipokuja kukisoma kichupa changu cha zamani, inulini ilikuwamo. Nilikuwa nawalaumu wageni, kumbe kelele zilitoka kwa wenyeji waliotupiwa chakula.

Wanaotumia chachu ya Saccharomyces boulardii, ambayo ni ndugu wa hamira, wengine hufunga choo au hupata kiu. Wapo pia wanaoumwa kichwa. Baadhi ya bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini, na mtu ambaye mwili wake hauivunji vizuri anaweza kuisikia. Na tusijidanganye: kwenye majaribio, hata waliopewa vidonge vitupu, visivyo na probayotiki ndani, hulalamikia gesi. Tumbo nalo husikiliza maneno.

Kwa kawaida mambo haya hupungua ndani ya siku chache, au wiki moja hadi mbili. Mimi hushauri kupunguza dozi badala ya kuvumilia: nusu, au siku moja kwa kuruka, kisha kupanda polepole. Na usibadilishe mlo wiki hiyo hiyo, maana hutajua mchokozi ni nani. Wiki mbili zikipita bila nafuu, acha. Wengi wa bakteria hawa hawaweki makazi. Ukiacha kuwameza, hutoweka.

Hapa nibadilishe sauti. Homa, damu kwenye choo, kutapika kusikokoma, maumivu makali, midomo kuvimba au kupumua kwa shida si mambo ya kusubiri wiki mbili. Nenda hospitali. Baadhi ya vidonge vina mabaki ya maziwa au soya, na mwenye mzio hahitaji mengi.

Na wapo wasiopaswa kuanza bila daktari: wenye kinga dhaifu sana, watoto njiti, na wagonjwa wenye mrija kwenye mshipa mkubwa wa damu. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Uholanzi kwa wagonjwa wa kongosho kali waliolazwa. Kati ya 152 waliopewa probayotiki, 24 walifariki. Kati ya 144 wasiopewa, ni 9. Wale walikuwa mahututi, wewe si wao, lakini ukisikia mtu akisema kitu hiki hakina madhara kwa yeyote, kumbuka hesabu hiyo. Na anayemuuguza mtu mwenye mrija asifungue kidonge cha chachu karibu na kitanda. Vumbi lake hushika mikononi na laweza kuingia kwenye damu.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, kaka... Anasema ametumia mwezi mzima, tumbo kimya kama maji ya mtungi, anauliza kama ameuziwa unga. Swali zuri, ila ukimya nao si ushahidi, kama gesi isivyo ushahidi. Tumbo haliwezi kukujibu hilo. Lebo inaweza kukusaidia. Tazama kama idadi ya bakteria hai imeahidiwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi au siku ya kutengenezwa tu, na kama imeandikwa kihifadhiwe kwenye baridi. Wewe ulikuwa unakiweka wapi?

Kwenye dashibodi ya gari. Haya, lete hapa tukisome pamoja.