Mwani kijani unavyonyonya asidi amino: jaribio la kuona kwa macho

Habari zenu. Hii chupani ni Chlorella, mwani kijani wa seli mojamoja. Leo tutaupa arginini, moja ya asidi amino (vipande vinavyojenga protini), tuone kama inaisha majini.

Gawa mwani kwenye chupa mbili. Moja itie glukosi, nyingine iache ilivyo, kisha subiri saa tatu au nne. Usiruke hatua hii, uhondo wote uko hapa. Mwaka 1981 Widmar Tanner na wenzake huko Ujerumani walionyesha kuwa glukosi huifanya Chlorella itengeneze milango miwili kwenye utando wa seli: mmoja wa arginini na lysini, mwingine wa prolini, alanini, serini na glisini. Unaipa sukari, inajiandaa kula nyama! Mimi bado inanichekesha.

Sasa zungusha kila chupa kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi mpaka seli zitue chini), mwaga maji, osha seli mara mbili. Zirudishe kwenye bafa safi (maji yenye pH isiyobadilika ovyo) zikiwa nzito, kijani kibichi hasa. Tia arginini kidogo, bonyeza saa.

Wakati tunasubiri: seli inatumia ATP (nishati yake) kusukuma protoni, chembe zenye chaji chanya, nje, kwa hiyo ndani panabaki na chaji hasi. Arginini ina chaji chanya, basi inavutwa ndani kupitia mlango wake. Prolini haina mvuto huo. Yenyewe huingia ikiandamana na protoni inayorudi.

Kila dakika kumi chota kidogo, zungusha haraka, chukua maji ya juu tu. Dondoshea ninhidrini, dawa inayogeuka zambarau ikikutana na asidi amino, weka kwenye maji ya moto dakika tano. Vaa glovu, la sivyo vidole vitabaki zambarau siku kadhaa. Zambarau ikififia, arginini imeingia. Linganisha chupa mbili: ya glukosi inatakiwa ififie mapema zaidi.

Weka na tyubu ya kulinganishia, yenye seli na arginini, kwenye barafu ili seli zisinyonye. Mimi mara ya kwanza nilichemsha seli za kulinganishia badala ya kuzipoza. Zilivuja asidi amino zake zenyewe, rangi ikazidi badala ya kupungua.

Ukiwa na Chlamydomonas, mwani kijani mwingine wa seli mojamoja, badala ya Chlorella, tumia arginini peke yake. Asidi amino nyingine nyingi haziingizi nzima: kimeng'enya kilicho nje ya utando huzivunja, kisha seli inachukua amonia. Na amonia nayo huipa ninhidrini rangi, kwa hiyo tyubu itakudanganya.