Muulizeni Mwanafunzi Habari za Baba Yake Jonas

Walimu wenzangu, riwaya za distopia, zile za jamii za kubuniwa zinazokandamiza watu wake, sitazieleza zaidi, mnazifundisha. Ugomvi wangu ni namna tunavyozifundisha. Kila darasa ninaloingia nakuta ubao umejaa: mhusika mkuu na sifa zake, dhamira, mafunzo tunayopata. Ukiwauliza wanafunzi wangekuwa nani katika hadithi ile, wote ni mashujaa. Wote wangeasi, wote wangetoroka. Darasa zima hakuna hata mmoja ambaye angetii! Sasa ule utawala wa hadithini uliendeshwa na nani?

Chukueni The Giver ya Lois Lowry, iliyotoka Marekani mwaka 1993 na kupata nishani ya Newbery, tuzo ya vitabu vya watoto, mwaka uliofuata. Jumuiya ile haina njaa, haina vita, haina hata rangi. Mtoto akifika miaka 12 anapangiwa kazi na wazee. Jonas, kijana mhusika mkuu, tunamjua, kila mwanafunzi anamwandika kwenye insha. Mimi namtaka baba yake. Kazi yake ni kulea vichanga, na ni mpole kweli. Kuna mtoto, Gabriel, hakui vizuri. Baba huyu anaomba ruhusa awe anamlaza nyumbani kwake usiku, huenda akapata nafuu. Wanafunzi wanampenda, na waacheni wampende.

Halafu mnafika sura ya 19. Wamezaliwa mapacha wa kufanana, na jumuiya haitaki watu wawili wa sura moja. Baba anawapima kwenye mizani. Mzito anakwenda kulelewa. Mwepesi anabaki mikononi mwake, anamsemesha kwa ile sauti ya kubembelezea watoto, anamwambia anajua sindano inauma lakini mishipa ya mkono bado midogo mno. Anamdunga kwenye paji la uso. Mtoto analia, anatupa miguu, analegea. Baba anamtia kwenye boksi, anamsukumia kwenye tundu la ukutani, anampungia mkono wa kwaheri. Kazi ya asubuhi imekwisha.

Simamisheni kipindi hapo hapo! Msiulize Jonas alijisikiaje. Ulizeni: huyu baba ni mtu mbaya? Darasa litagawanyika. Mmoja atasema anafuata sheria, mwingine atasema amezoea, mwingine atapandwa na hasira. Darasani kwangu msichana mmoja, kiranja, alikaa kimya kipindi chote, kisha akasema kwamba yeye huandika majina ya wapiga kelele, anayapeleka ofisini, na wenzake wakichapwa yeye hutazama pembeni. Hakuna swali la mtihani linaloweza kumfikisha mtoto pale.

Najua mzazi atakuja juu: mnamsomesha mwanangu mauaji ya kichanga? Huko Marekani kwenyewe, miaka ya 1990, kitabu hiki kilikuwa miongoni mwa vile vilivyolalamikiwa sana, watu wakitaka kiondolewe shuleni. Lakini bibi zetu walitusimulia mazimwi yaliyomeza vijiji vizima, nasi tulikuwa wadogo kuliko wanafunzi hawa. Zimwi lile lilitoka porini. Huyu ametoka chumba cha pili, na ana upendo. Mtoto akiogopa, ana haki ya kuogopa, na heri aogope mwalimu akiwa mbele yake kuliko akutane na mtu huyo ukubwani bila kumtambua.

Nilitaka kuzungumzia umri. Kwa kifupi, msiwape wa darasa la tano. Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell ya wanyama wanaompindua mwenye shamba kisha wakatawaliwa na nguruwe, tunalo kwa Kiswahili tangu 1967, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Humo waulizeni habari za kondoo wanaoitikia kila wanachoambiwa, nguruwe wanawajua tayari. Riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi inataka mhadhara wake. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anafika nchi yenye haki, ndipo anaona sawasawa uovu wa kule alikotoka. Isomesheni baada ya Lowry, si kabla.

Mwenyekiti ananionyesha saa. La mitihani naliacha. Isomeni sura ya 19 wenyewe usiku wa kuamkia kipindi, na mkiingia darasani msiguse chaki mpaka wanafunzi wamalize kubishana.